Majivu Hayajawahi Kumdhuru Mtu Usoke

Ndugu Mkuu wa Anga,

Shikamoo. Kama nimekuzidi umri, basi marahaba.

YAH: KUZUILIWA MJUKUU WANGU KWA SABABU YA MAJIVU

Mimi ni Valentino, mkulima wa tumbaku na mwenye mashine ya kusaga hapa Usoke. Binti yangu Yustina alikuwa apande ndege kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, aniletee mjukuu wangu wa kwanza abatizwe Jumapili. Sijawahi kumshika mtoto huyo. Mbuzi amekwisha kufungwa uani, nanyi mkafunga anga, eti mlima wa nchi ya mbali umetema majivu. Nimeumia, na ninalalamika hivi:

1. Majivu tunayajua. Mke wangu Mektilda huyatumia kuhifadhi maharage na kusugua masufuria. Hakuna harage hata moja lililowahi kuanguka.

2. Mtaalamu wenu alisema redioni kwamba majivu hayo ni vumbi la mawe, eti yakiingia kwenye injini huyeyuka na kuganda kama kioo. Mektilda yuko jikoni tangu tuoane, hajapata kioo hata cha kujitazamia.

3. Wazee wetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi pwani. Kila walipolala waliwasha moto, asubuhi wakayaacha majivu, wakaendelea na safari.

4. Kama rubani anaogopa, apite chini ya wingu na kufuata reli. Tutaanua nguo.

5. Kesho, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na katekista Gervasi, nitamwaga kopo la majivu, tena yaliyochekechwa, kwenye tundu la hewa la mashine yangu ikiwa inanguruma. Ikimaliza kusaga debe la mahindi, naomba anga lifunguliwe kabla ya Jumapili.

Wasalimie marubani, wahudumu na familia yako yote. Mektilda anakusalimu, ingawa amenikataza kuandika.

Ni mimi ninayetazama juu,
Valentino

Tanbihi: Mashine ilikohoa mara moja, ikanyamaza. Fundi ameniuliza kama nina akili timamu. Kijiji kizima sasa kinatwanga kwa kinu, na jina langu linatwangwa humo humo. Ndugu yangu, nakusihi, funga anga. Yustina akikupigia simu kulalamika, usimsikilize, hasira hizo kazirithi kwangu. Aje na treni, ubatizo utangoja, nami nitamngoja stesheni. Mashine yangu ilizima ikiwa imekaa sakafuni. Mjukuu wangu angekuwa wapi?