Hotuba ya Kufungua Kituo cha Nguvu, Iliyotolewa Mgongoni mwa Shigela

(Mwalo wa Igalagala, saa saba mchana. Gati hakuna, kwa hiyo boti ya mgeni rasmi imesimama mbali na nchi kavu. Shigela, mpagazi wa hapa mwaloni, amembeba mgeni mgongoni, kama abiria wote wa hapa wanavyobebwa. Maji yakiwa magotini, mgeni anamgonga bega asimame, kisha anapokea kipaza sauti.)

Hapo hapo, Shigela. Wananchi nimewaona.

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kunipokea. Ndugu Makamu Mwenyekiti, ambaye ndiye pekee aliyefika. Waheshimiwa wachungaji, mapadri na wainjilisti. Akina mama wa dagaa. Wenye boti, wenye nyavu, na wale wenye kasia tu. Wageni wetu wa Kiseke, Igoma na Kisesa mliofuata muziki. Na wewe Precious, katibu wangu, uliyesimama ndani ya maji na mafaili kichwani. Wote kwa vyeo vyenu, na msio na vyeo kwa subira yenu: Bwana asifiwe! (Amina. Sauti moja: "Mbona hashuki?")

Swali nimelisikia, na mimi si mtu wa kukwepa maswali. Mimi Elias Ogweno, Mratibu wa Kanda wa Misuli, Viungo na Maungio, ningeweza kabisa kushuka, ila viatu hivi ni vya kanisani, na zaidi ya hapo hotuba ya sayansi ya mwili inapendeza ikitolewa juu ya mwili wenyewe kuliko juu ya jukwaa, hasa kwa kuzingatia kwamba jukwaa, kwa taarifa nilizonazo, bado liko kwenye mchakato. (Minong'ono.)

Ndugu zangu, niseme nanyi kama tuko sebuleni. Mimi niliishia darasa la saba, sifichi, lakini kwa neema ya Mungu nimehudhuria semina kumi na nne za fiziolojia ya mazoezi na bayomekaniki, tatu kati ya hizo nikiwa macho, na ndiyo maana miaka mitatu iliyopita niliwaahidi hapa hapa Kituo cha Sayansi ya Nguvu, chenye vyuma vya kunyanyulia na mtaalamu wa migongo, ili mpagazi afundishwe kubeba bila kuvunjika, na aliyevunjika atengenezwe. (Getruda, mke wa Shigela, kutoka ufukweni: "Mheshimiwa, huyo uliyemkalia ndiye wa kwanza kuandikishwa! Kiuno kilimshika akishusha magunia ya dagaa. Kikimshika tena, kazi ndiyo imeisha!")

Ahsante sana mama, umeniingiza kwenye mada. Litazame goti la mumeo, limekunjwa kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Bayomekaniki inasema mzigo ukae karibu na mwili, na mimi, bila kujisifu, siwezi kuwa karibu zaidi ya hapa. Kitovu chake cha uzito na changu vimekuwa kitu kimoja, kama ndoa takatifu. (Kicheko. Getruda hacheki.) Misuli ya mapaja yake inafanya kazi kubwa bila kusogea hata inchi moja, jambo ambalo ofisini kwetu tumelifanikisha kwa upande wa pili, yaani tumesogea sana bila kufanya kazi. Takwimu zinaonesha kwamba asilimia themanini ya nguvu ya mpagazi iko kwenye nyonga na mapaja, asilimia arobaini iko kwenye imani, jumla mia na ishirini, kwa hiyo lengo tumelivuka! (Makofi ya Makamu Mwenyekiti.)

Mnamsikia anavyohema? Hewa ile inaingia kwenye damu, damu inaipeleka kwenye msuli, na ikipungua msuli unaanza kuungua. (Shigela: "Unaungua, Mheshimiwa.") Mmesikia! Mshiriki amethibitisha. Sasa tunakwenda kwenye kanuni kubwa iitwayo progresivu ovalodi, maana yake unaongeza mzigo kidogo kidogo ili msuli uzoee. Precious, nipe mkoba. (Anapokea mkoba.) Nipe na mafaili. (Anapokea mafaili.) Na ile zawadi ya wananchi. (Anapewa sangara wa kilo nane, anamkumbatia. Shigela: "Kidogo kidogo kwa wiki, Mheshimiwa, au kwa dakika?") Swali zuri sana. Semina ilipofika hapo tuliitwa kwenye chakula.

Ipo pia kanuni ya mapumziko, maana msuli haujengeki kwenye kazi, unajengeka ukiachwa upoe, na hata Muumba siku ya saba alipumzika. Pumzika, Shigela. ("Nipumzikeje, Mheshimiwa, nawe uko mgongoni?") Pumzika moyoni.

Niwaibie siri ambayo hata mama watoto sijamwambia. Kwenye karatasi ya boti nimeandika kilo tisini. Nina mia na kumi na mbili. (Getruda: "Yesu wangu! Baba Hellen, mmwage!" Shigela: "Simmwagi. Tangu nianze kazi hii sijamlowesha abiria hata mmoja." Miguu yake inatetemeka.)

Mnauona mtetemeko huo? Ni dalili ya maendeleo! Misuli oyee! (Kimya.) Magoti juu! (Kimya.) Kiuno cha taifa, kidumu! (Mtoto mmoja: "Kidumu!")

Nikihitimisha, nawashukuru wahandisi, ambao hawakuwahi kuitwa. Namshukuru fundi, ambaye hatukumtafuta. Namshukuru mwenye kiwanja kile mnachokitazama, ambaye anaanikia dagaa zake na hana habari nasi. Tusidanganyane mbele za Mungu: jengo hakuna, vyuma hakuna, na mtaalamu wa migongo hajazaliwa. Ila taarifa iliyopanda ngazi za juu inasema kituo kipo, kimoja, na kinabeba. Nimesali sana juu ya sentensi hiyo, na leo nimepewa amani, kwa sababu kipo kweli, nimekikalia. Shigela, kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba umefunguliwa rasmi!

(Shigela anageuka taratibu, anarudi kwenye kina.)

Shigela, wananchi wako upande ule. Huku ni kwenye boti. Shigela! Haya, lakini mwoneni anavyoshusha: mgongo umenyooka, nyonga inarudi nyuma, magoti yanakunjika, kiuno hakikuguswa, somo zima la semina kumi na nne, na wala hakuna aliyemfundisha. (Mgeni anakalishwa ndani ya boti, mkavu, na mkoba wake na mafaili yake. Shigela: "Umefika, Mheshimiwa." Anamchukua sangara, anampa Getruda aliyeingia majini kumfuata. Anaegemea bega la mkewe, wanatoka polepole. Watu wanawapisha, kisha wanawafuata, na Makamu Mwenyekiti naye.)

Basi, kwa mliobaki, yaani Precious, wabeja, asanteni sana, Mungu awabariki. Andika, mwanangu: kituo kimefunguliwa saa saba na nusu. Saa saba na dakika arobaini, kimeondoka na mke wake.