Shikamoo Kwenye Kila Kitufe

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu Asmahani katangaza. Kati yetu wenye ulemavu tunaojifunza kutengeneza tovuti hapa Tabora, mmoja atakwenda Urambo kufundisha darasa jipya. Mmoja tu! Mpinzani wangu ni Paskazia wa Puge. Yeye haoni, mimi niko kwenye kiti cha magurudumu, kwa hiyo huruma haitanisaidia. Mtihani ni ukurasa wa Bi Mwamvita, muuza asali, ambaye naye haoni. Simu yake humsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Anataka jambo moja: ujumbe wa wateja ausikie mwenyewe. Hadi leo anasomewa na mpwa wake, na mpwa huruka anachotaka.

Jumatano, 14 Mei

Nimeuchungulia ukurasa wa Paskazia. Mkavu! Kitufe kinasema "Ujumbe". Kingine "Jibu". Basi. Ndivyo wanavyomsemesha mtu mzima huko Puge? Sisi wa mjini hatukulelewa hivyo. Kila kitufe changu kitaanza na "Shikamoo, Bi Mwamvita". Kila picha pia. Hata mistari ya mapambo. Paskazia kanishauri nifumbe macho niusikilize kwanza. Wivu huo.

Ijumaa, 16 Mei

Siku nzito. Bi Mwamvita kagusa ukurasa wangu, simu ikamwamkia. Akaitikia marahaba, uso ukachangamka. Nikamgeukia Paskazia kwa jeuri. Kidole kikasogea. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba. Mtu wa heshima haachi salamu bila kuiitikia, na hilo sikuliwaza. Alipofika kwenye picha ya mzinga, sauti ilikuwa imemkauka, na ujumbe hajaufikia. Akaiweka simu mapajani.

"Mwanangu, umeniamkia vizuri sana," akasema polepole. "Sasa mlango uko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ukurasa wa Paskazia ukasema "Ujumbe". Bi Mwamvita akabonyeza. Mteja wa Bukene alikuwa ameandika tangu Ramadhani: mama yake kafariki, na kitu cha mwisho alichoomba kuonja ni asali ya Bi Mwamvita. Alikuwa anashukuru tu. Mpwa aliuruka kwa sababu haukuagiza kitu. Bi Mwamvita akausikiliza tena, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nami nililia, hapa sifichi. Mtu alikuwa anashukuriwa miezi yote hiyo na hajui.

Jumamosi, 17 Mei

Paskazia ndiye wa Urambo. Kaniomba niende nimsaidie. Kasema moyo ninao, kilichobaki ni masikio. Nimekubali, na neno la Bi Mwamvita nimelitafakari kutwa nzima. Mlango uko wapi? Kosa langu sasa liko wazi: niliamkia kabla ya kubisha! Kurasa za Urambo zitapiga hodi kwanza, mara tatu, kama adabu inavyotaka, na hazitafunguka mpaka zikaribishwe. Paskazia bado sijamwambia.