Mtikisiko wa Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeweka punje ya njegere katikati ya sakafu ya jikoni. Imebingirika yenyewe hadi kwenye kona ya jiko. Jana ilichukua sekunde sita. Leo nne. Nimeandika. Mimi ni karani wa masjala ya jiji hapa Gothenburg, na kuandika ndiyo kazi ninayoiweza.

Jengo letu lina zaidi ya miaka mia. Limesimama juu ya nguzo za mbao, na nguzo zimesimama katika udongo wa mfinyanzi ulio laini kama siagi. Chini ya udongo huo sasa kuna handaki la reli. Tangu Septemba treni za majaribio hupita humo mara tatu kwa siku. Hazina abiria. Kila zikipita, vikombe vyangu husogea kabatini taratibu, kana kwamba vinapeana nafasi.

Leo imekuja barua kutoka kwa kampuni ya handaki. Fleti zilizo hatarini zaidi ni mbili za chini: yangu, na ya Ragnhild Östling ng'ambo ya ngazi. Kampuni ina fleti moja tu ya kutuhamishia. Iko mlimani, juu ya mwamba. Nimelisoma neno "mwamba" mara nne.

Kila mmoja wetu amefungiwa kisanduku cha kijivu ukutani. Mtikisiko ukipita kiwango, taa yake ya kijani inageuka nyekundu na hesabu inaongezeka. Mwenye hesabu kubwa zaidi kufikia Ijumaa saa sita mchana ndiye atakayehama.

Ragnhild ana miaka sabini na minne. Aliendesha tramu miaka thelathini na miwili. Mlango wake haufungiki tena. Ameuranda mara mbili kwa mkono wake mwenyewe, na bado unakwama. Mtu mwenye haki angesema fleti ni yake. Hata mimi nimesema hivyo, kwenye ngazi, mbele yake. Akanibana shavu, akasema mama yangu alinilea vizuri.

Kisha nikaingia ndani, nikaanza kupanga.

Jioni nimeshuka chumba cha kufulia, chini ya jengo, nikabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo. Bila jina. "Anayeacha manyoya ya nguo kwenye kichujio cha mashine ya kukaushia, tafadhali ajifikirie." Ubao ulikuwa umejaa. Ikabidi nibandike juu ya tangazo jingine, jeupe, refu, ambalo lilionekana halina maana.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango ni huu. Treni hupita saa moja na dakika arobaini asubuhi, saa sita na robo, na saa kumi na dakika ishirini. Mtu akiruka sakafuni nje ya saa hizo atajulikana. Akiruka treni inapopita, nani atajua?

Nina kilo sitini na moja. Hazitoshi. Nimevaa mkoba wa mgongoni wenye majalada manane ya masjala (nimeyaandikia risiti). Saa moja na dakika arobaini kamili nikaruka mara kumi. Taa ikawa nyekundu mara kumi! Treni yenyewe sikuisikia. Nadhani kelele zangu ziliifunika.

Baadaye nikasimama kimya nipumue. Hapo ndipo nilipousikia kwenye nyayo, wala si masikioni. Mgongano mdogo, wa polepole, kama mtu anayegonga upande wa pili wa ubao wa meza. Nikahesabu, kwa mazoea. Kumi.

Mwangwi, nikajiambia. Sauti hurudi. Hata shuleni tulifundishwa.

Kisha ukaja mmoja zaidi.

Nikakaa kitandani na mkoba mgongoni hadi nikachelewa kazini dakika kumi na mbili. Sijawahi kuchelewa.

Ragnhild alinikuta kwenye ngazi jioni, akanipa andazi la mdalasini lililofungwa kwenye karatasi. Alisema amenisikia nikifanya mazoezi. "Joar, mwanangu, kama unataka kupungua, hapo kuna nini cha kupunguza? Kula hili kwanza." Nikamshukuru. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake ya kutazama watu, ambayo tayari ni ndefu, akaniuliza kama huwa naruka peke yangu. Nikasema ndiyo. Akasema sawa. Akaufunga mlango wake kwa bega, mara tatu.

Saa kumi na dakika ishirini nilikuwa nimesharuka tena. Kumi zangu. Kumi za chini. Na moja.

Jumatano, 6 Novemba

Miguu inaniuma. Nimebadili mbinu. Mashine kubwa ya kufulia iko chini kabisa ya chumba changu cha kulala. Nikiijaza vibaya, itaruka kwa niaba yangu.

Shida ni zamu. Ubao wa zamu una tundu kwa kila zamu ya kufua, na kila fleti ina kufuli yake ndogo; ukiitia kwenye tundu, zamu hiyo ni yako. Leo matundu yote yalikuwa na kufuli. Saa sita hadi saa tisa ilikuwa ya Ragnhild. Lakini Jumatano mchana Ragnhild huenda kwaya, na huanza kufua saa saba kasoro. Nilihitaji nusu saa tu. Nikaichomoa kufuli yake. Nimewahi kudanganya kwenye fomu ya ugonjwa, na haikunisumbua hivi.

Nikatia zulia la mlangoni na mawe mawili ya barabarani niliyoyafunga ndani ya taulo. Saa sita na robo nikabonyeza. Mashine ikatulia, ikafikiri, kisha ikaanza kutembea. Ilitoka ukutani ikaja kwangu kama ng'ombe anayetaka kukamuliwa. Nikapanda juu ya beseni. Maji ya kwenye tundu la sakafu yakawa yanapiga mduara ndani ya mduara.

Ikasimama. Maji hayakusimama.

Yaliendelea kupiga miduara, taratibu, kwa mpangilio. Nilikuwa juu ya beseni, viatu mkononi. Mduara wa mwisho ulipopita nilingoja. Ukaja mmoja zaidi, na tundu likatoa sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi ili aseme jambo kisha akaghairi.

Nilirudisha kufuli ya Ragnhild kwenye ubao wa zamu. Tundu lisilo lake. Nimeligundua hilo saa hii ninapoandika.

Saa kumi na mbili jioni kulikuwa na mkutano wa dharura wa wakazi. Mwenyekiti Tore Wennerlund alisoma ajenda. Ya kwanza: jengo limetitia milimita tisa tangu Oktoba. Hiyo ilichukua dakika nne. Ya pili: nani amegusa kufuli ya Ragnhild? Hiyo ilichukua saa mbili.

Mama wa ghorofa ya tatu alilia. Mzee mmoja alisema ameishi hapa tangu enzi za choo cha uani, na hajaona jambo kama hili. Mwingine akauliza tunaishi na watu wa aina gani. Tore alisema kuta zinaweza kuzibwa, lakini imani kati ya majirani huzibwa kwa kitu gani? Niliogopa sana kwamba ukimya wangu utanisaliti. Nikasimama, nikapendekeza iundwe kamati ya uchunguzi. Wakapiga makofi. Nimechaguliwa katibu.

 Tulipokuwa tunatoka Ragnhild alinong'ona kwamba mashine ilikuwa imehama mita nzima kutoka ukutani, na kwamba zulia langu la mlangoni limekuwa safi ghafla.

Alhamisi, 7 Novemba

Mambo yameharibika. Naandika kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi alikuja Mirsad, fundi wa vipimo wa kampuni. Mtu mpole, kofia ya njano, karatasi ndefu mkononi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini ili nimpokee kama mwathirika. Nikamweleza jinsi treni zinavyonitesa, hasa ile ya saa moja na dakika arobaini.

Akasema hakuna treni.

Akasema treni za majaribio zimesimamishwa tangu Jumatatu usiku kwa sababu ya taa za ishara. Wamewatangazia wakazi wote, kwa karatasi nyeupe, ndefu, kwenye ubao wa chumba cha kufulia. Je, sikuiona?

Nikasema labda mtu amebandika kitu juu yake. Akasema ndiyo, mtu mmoja mwenye uchungu sana na manyoya ya nguo.

Ragnhild alikuwa amesimama mlangoni kwake; mlango ulikuwa wazi kwa sababu haufungiki. Mirsad akatandaza karatasi juu ya ngazi, akatuonyesha. Jumanne asubuhi, kumi, kubwa, na muda kati yao ni wa mtu anayechoka. "Hizi ni zako, bwana mdogo. Ya tisa na ya kumi nakuonea huruma." Jumatano mchana, fujo tupu: hiyo ni mashine. Zote akazikata kwa kalamu nyekundu.

Ragnhild akasema: "Kumbe ulikuwa unanirukia fleti yangu." Hakupandisha sauti. Kisha akasema hilo anaweza kulimeza, mtu akiogopa hufanya mengi, lakini zamu yangu ya kufua, Joar? Zamu yangu?

 

Mirsad akaendelea. Alionyesha migongano midogo baada ya ile yangu. Kumi, kila mara kumi. Akasema maana yake ni kwamba udongo umeshuka ukaacha uwazi chini ya sakafu, na sauti inarudi kutoka humo. Hatusimami juu ya udongo tena, tunasimama juu ya hewa. Akataka jengo zima liwe tupu kufikia saa tisa alasiri.

Nikamuuliza kuhusu ule wa kumi na moja.

Akatafuta kwenye karatasi. Akaupata. Akatabasamu, kisha akaacha kutabasamu. Akasema mwangwi hurudisha ulichoupa. Hauongezi. Akapiga simu mara mbili, akarudi na jibu la ofisini: mtikisiko usiojulikana chanzo chake hauwezi kukatwa. Unabaki kwenye hesabu ya fleti. Kwangu mitatu: miwili ya Jumanne, mmoja wa Jumatano.

Kwa Ragnhild pia mitatu. Mmoja kwa siku, Jumatatu hadi Jumatano, bila yeye kuruka.

Sare! Fleti moja, na sare. Mirsad alisema visanduku vitaendelea kupima hadi kesho saa sita, kama ilivyoandikwa kwenye barua. Ikibaki sare, wataangalia umri. Aliposema "umri" hakunitazama.

Tulihamishiwa hotelini, ng'ambo ya mfereji. Wakazi wote, na mifuko ya nguo chafu. Ragnhild alikaa karibu nami kwenye ukumbi wa chakula ingawa viti vingine vilikuwa vitupu. Tulikula supu ya njegere na chapati nyembamba za maziwa, kama ilivyo desturi ya hapa kila Alhamisi. Nikamwomba radhi. Akasema nile kwanza.

Kisha akaniambia kwamba yeye amekuwa akiusikia mgongano ule wa ziada tangu Oktoba. Mwanzoni mmoja kwa wiki. Hukaa na kahawa yake, hugongwa chini ya kiti, hunyamaza. "Kwenye tramu tulikuwa na kanuni. Ukisikia kengele na huioni tramu, usipige yako. Mwenzako hujui yuko wapi. Wewe unapiga, yeye anadhani umemwita."

Nikauliza kama aliwahi kujibu.

"Mimi? Mwezi mzima sikugusa hata meza. Wewe umempigia mara ngapi?"

Sikutaja idadi. Akaniambia fleti ya mlimani niichukue mimi kama inanitia wazimu, atamwambia Mirsad kesho. Anachoniomba ni kimoja, nisirudi mle ndani. Nikamwahidi. Nilimshika mkono kabisa.

Ijumaa, 8 Novemba. Saa tano na nusu asubuhi

Niko chumbani kwangu.

Nimefikiri usiku kucha. Kuachiwa fleti kwa huruma si sawa. Watu wangesema. Nikishinda kwa hesabu, hakuna wa kunisema, na hata Ragnhild hatakuwa na deni la wema moyoni. Nahitaji mmoja tu. Minne kwa mitatu. Kumi zangu watazikata, najua, lakini wa kumi na moja hawawezi kuukata. Ofisi imesema.

Utepe wa onyo waliofunga mlangoni niliupita bila kuukata. Kama katibu wa kamati nina funguo za kila mlango.

Jengo tupu lina sauti tofauti. Hakuna bomba linalolia, hakuna redio ya ghorofa ya tatu. Mlango wa Ragnhild umefungwa. Umejifunga wenyewe, vizuri, kama mpya. Sakafu yangu ina joto kidogo. Taa ya kisanduku ni ya kijani.

Nilivua viatu, nikavipanga. Nikatafuta mahali pangu pa kurukia.

Kabla sijainua mguu, kumeanza.

Moja. Taa nyekundu. Mbili. Zina nguvu kuliko siku zote. Rangi inadondoka kutoka dari na kuangukia ukurasa huu. Muda kati yao ni wa mtu anayechoka. Ya tisa na ya kumi zilichelewa kama zangu.

Kumi, na mimi sikugusa kitu! Hakuna chanzo kinachojulikana. Kumi na tatu kwa tatu. Nimeshinda. Mwamba ni wangu. Nimeandika saa na dakika, pamoja na sahihi.

Sasa kimya. Si kimya cha kitu kilichoondoka. Ni kama mtu upande wa pili wa simu ambaye amemaliza la kwake.

Ninapaswa kuondoka. Lakini nafikiri kama karani. Kumi na tatu zinaweza kubishiwa. Watasema kisanduku kimeharibika. Zikija kumi nyingine zitakuwa ishirini na tatu, na hizo hakuna wa kuzibishia. Na kinachotakiwa hapa naona ni kidogo sana, kwani zimekuja kumi na zimeishia hapo, zinangoja ya kumi na moja kutoka kwangu.

Nitaruka mara moja tu, halafu natoka.