Koti Liko Kitini

Jumatatu, 3 Februari
Ofisi hii bado inanitia bumbuwazi. Lifti inapanda bila sauti, milango inafunguka yenyewe, watu wanaongea kama wako msibani. Na mimi, mtoto wa mama, nina kiti changu na kadi yenye picha yangu shingoni. Nimemtumia mama picha ya kadi. Ameshatangazia ukoo mzima kuwa naongoza kampuni. Niko kwenye mafunzo kazini tu, lakini sikumsahihisha.

Tatizo ni chuo. Somo la Mikakati ya Biashara limehamishiwa Alhamisi alasiri, saa za kazi. Shahada ya uzamili haina mchezo: ukikosa vipindi hufanyi mtihani. Kazi nayo haina mchezo: mwisho wa mwezi meneja anabakiza mmoja, mimi au Kamusi. Kamusi ni mwenzangu wa mafunzo, nimembandika jina hilo kwa kuwa hakosi jibu. Niombe ruhusa? Thubutu. Kamusi asingeomba.

Jumanne, 4 Februari
Nimegundua siri ya nchi hii ya kigeni. Kwa baridi hii hakuna anayetoka nje bila koti, kwa hiyo koti likiwa kitini, mwenyewe yumo. Leo meneja aliniulizia nikiwa chooni najibizana na mama kwa simu. Kamusi akamwambia koti lipo, sitakuwa mbali. Meneja akaridhika. Nimelitazama koti langu kwa heshima mpya.

Jumatano, 5 Februari
Duka la mitumba. Nimepata koti pacha: kijivu kile kile, vifungo vile vile. Moja la kubaki ofisini, moja la kwendea darasani. Mhadhiri angejua, angeniachia kipindi nifundishe mimi.

Alhamisi, 6 Februari
Imekwenda kama maji. Mwili darasani, koti kazini. Natisha!

Alhamisi, 13 Februari
Sijui nianzie wapi. Natoka darasani, nakata kona ya ofisi, naona magari ya zimamoto na wenzangu wote wamejaa kwenye maegesho. King'ora kilikuwa kimelia. Baadaye ikajulikana Kamusi kaunguza mkate jikoni. Nikajichanganya na watu kama niliyekuwepo tangu mwanzo. Ndipo nikasikia wanaulizana kama nimepatikana.

Koti lilikuwa kitini, kwa hiyo nilikuwa ndani. Wazimamoto walikuwa wanapanda ngazi na mitungi mgongoni, wananitafuta mpaka chooni. Hasa chooni, kwa maelekezo ya Kamusi.

Na meneja. Mama huyu sijawahi kumsikia akipaza sauti. Wakati wa kutoka alilichukua koti langu, akidhani nimekimbilia nje bila kitu, nisije nikaganda. Lake alilisahau. Nje hakuniona. Sasa alikuwa amesimama mbele kabisa, amelikumbatia koti kama mtoto mchanga, anaita jina langu kwa sauti kubwa kuelekea madirishani. Tangu nije huku sikujua kuna mtu wa kuniita hivyo. Nilikosa pa kuficha uso.

Nikamgusa bega. Akaniangalia. Akaliangalia koti nililovaa. Akaliangalia alilolishika. Kisha akalivaa, maana alikuwa anatetemeka, akaenda kuwaambia wazimamoto washuke.

Ijumaa, 14 Februari
Nimeitwa. Njiani nilishakiaga kiti changu. Akaniuliza, kwa sauti yake ile ya chini, jana nilikuwa wapi. Nikasema darasani. Akauliza kwa nini sikuomba ruhusa. Akasema Kamusi ana ruhusa ya Jumatatu asubuhi tangu wiki ya kwanza. Aliomba tu, akapewa. Mimi Jumatatu zote nilikuwa namhesabia uchelewaji, nikingoja siku ya kumchongea.

Amenipa Alhamisi zangu zote. Nafasi ya mwisho wa mwezi bado iko wazi kwetu wote wawili. Sharti ni moja: ajue niliko. Akasema jana, pale nje, alikuwa anawaza atamwambia nini mama yangu. Nimelia ndani ya lifti. Lifti haikutoa sauti, mimi nilitoa.

Jumapili, 16 Februari
Nimemwapia mama kwa simu kwamba sidanganyi tena maishani. Mama hakuelewa, akauliza kampuni inaendeleaje. Nikamwambia naiongoza vizuri.

Jumatatu, 17 Februari
Kikundi chetu cha chuo kitakutana kesho mchana. Ningeomba ruhusa, lakini kuomba tena mapema hivi ni kumchosha mama wa watu. Namheshimu mno. Na koti wameshalijua.

Viatu, hata hivyo, hakuna aliyewahi kuvishuku. Nimepita duka la mitumba, nimepata vinavyofanana kabisa na vyangu. Vitakaa chini ya meza, ncha zikichungulia. Safari hii nimewajali na wenzangu: ndani ya kiatu cha kulia nimeweka kikaratasi chenye maneno haya: Moto ukitokea msinitafute, simo.