Koti la Baba Mkwe

Jumapili, 8 Juni 2025

Leo nimeitwa mwanangu. Sebuleni kwa mchumba wangu Leokadia, Rooty Hill, hapa Sydney, kikombe cha chai mkononi. Aliyeniita ni Mzee Tumsifu, baba yake, aliyekuja kutoka Moshi kumwona bintiye na kunipima mimi. Nilijifanya chai imenipalia ili nipate kufuta macho. Tangu Baba afariki hakuna aliyeniita hivyo. Na Baba mwenyewe nilimzika kwa simu, nimesimama nyuma ya ghala letu kule Smithfield, nimevaa jaketi la kung'aa la kazini.

Mahari tumeelewana. Kaka zangu watamalizana nao huko nyumbani. Limebaki koti la baba na viatu vyake, na hayo ndiyo yamewekwa mikononi mwangu. Hakuna baba mkwe asiyedai koti, kwa hiyo sikushtuka. Shida ni sharti. Mzee ameuza mitumba soko la Memorial tangu ujana wake. Siku moja alifungua belo akakuta koti zito la sufu, lebo yake inasema limetengenezwa Australia. Hakuliuza. Alilivaa mpaka viwiko vikatoka nje. Sasa amefika kwenye nchi yenyewe, anataka koti na viatu vilivyoshonwa hapa hapa, tena vipya. Alisema maisha yake yote amevaa nguo baada ya wenzake. Safari hii anataka awe wa kwanza.

Shangazi yake Leokadia, Abigail, aliguna. Leokadia alinitazama kwa huruma. Mimi nikaapa mbele ya watu kwamba Jumapili ijayo Mzee atavaa. Nchi imejaa kondoo na ng'ombe. Itakosaje koti na viatu?

Jumanne, 10 Juni

Imekosa.

Nilipiga simu kazini nikakohoa, nikaenda mjini. Nimezunguka maduka yenye kangaruu mlangoni na bendera dirishani. Nikipindua kola, Bangladeshi. Nikipindua kiatu, Vietnam. Kofia iliyoandikwa Sydney kwa herufi kubwa ilitoka China, na muuzaji akanieleza kwa upole kwamba imebuniwa hapa. Nikamwambia kubuni hata mimi nabuni. Hakucheka.

Mchana nikalipata. Duka dogo la pembeni, koti la sufu la kahawia, limeshonwa hapa hapa jijini. Nilipolivaa nilifanana na mtu mwenye nyumba yake. Nikaitazama bei, nikalirudisha kwenye hanga taratibu, kama mtoto aliyelala. Mama wa duka alisema naweza kulipa kidogo kidogo na kulichukua leo leo. Viatu pia vipo kwa utaratibu huo huo. Mwaka mmoja nitakuwa nimemaliza.

Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria kwenye treni mpaka nyumbani Lidcombe. Mwaka mzima nilipie koti, wakati anachosoma Mzee ni lebo? Mwerevu hununua koti popote, kisha hutafuta lebo.

Jumatano, 11 Juni

Lebo ipo humu humu ndani.

Ninapanga na Ronnie, Mkenya wa Kisumu, nesi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Ndiye pia mshenga wangu, maana Sydney huchagui, unamchukua mwenye suti. Ronnie ana koti la sufu la hapa hapa, alijinunulia alipopata kazi ya kudumu. Hulivaa kanisani tu. Huyu ni mtu anayeandika jina lake kwenye maziwa, kwenye sufuria, hata kwenye sabuni. Uchoyo huo umenikera miaka yote tuliyokaa pamoja.

Alipotoka kwenda shifti ya asubuhi niliingia chumbani kwake na wembe. Nyuzi zilikatika vizuri. Lebo nzuri, nyeusi, maandishi ya dhahabu. Nikalirudisha koti kabatini na kuliangalia. Huwezi kujua kitu. Anayechungulia kola ya koti lake mwenyewe ni nani?

Mchana nikaenda Auburn nikanunua koti linalofanana nalo, kwa bei ya kibinadamu, na viatu vya kahawia vinavyong'aa.

Ronnie aliporudi alinipikia ugali. Akaniuliza msako umefikia wapi. Nikasema namshukuru Mungu. Akasema nisicheze na huyo mbuyu, yaani Mzee, watu wa soko hawadanganyiki, na kama nimekwama nimwambie tu. Anapenda sana kujiona ana msaada.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejidunga sindano vidole vitatu. Lebo imekaa upande kidogo, lakini hata picha ya kitambulisho changu imekaa upande na serikali imeipokea.

Viatu vimenisumbua. Vilipigwa mhuri kwenye soli, jina zima la China. Nikachukua msasa. Cha kushoto kilitoka baada ya dakika chache. Cha kulia kikaniletea ubishi, nikasugua, nikasugua, na mhuri ulipofutika soli nayo ilikuwa imekwisha nusu. Nimevijaribu. Ukivaa unaelemea kulia, kama mtu anayesikiliza siri. Mzee ana magoti mabaya, pengine itamsaidia.

Jumapili, 15 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Watu walijaa kwa Leokadia. Pilau, soda, akina mama kwenye mkeka. Ronnie alivaa suti yake ya bluu, koti la sufu akaliacha nyumbani kwa sababu jua lilitoka. Nikaona Mungu yuko upande wangu. Alizungumza vizuri sana, Kiswahili chake kikipinda huku na huku, watu wakicheka kwa upendo. Mwishoni akajitaja kwa heshima zote kuwa yeye ni Ronnie, mshenga, na kwamba amesimama kwa niaba ya ndugu yake Henry. Ndugu yake ndiye mimi.

Mzee akavaa. Akina mama wakapiga vigelegele. Alisimama mbele ya kioo akijishika kifua, ameelemea kulia. Akasema mama Leokadia angekuwa hai angemcheka, mzee mzima kuringa. Leokadia akalia. Mimi pia nililia, na kilio changu kilikuwa cha kweli. Niliwaza kwamba Baba hakuwahi kuvaa kitu kilichotoka mkononi mwangu.

Kisha akalivua kidogo ili aisome lebo. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, amefurahi. Halafu kidole chake kikaiinua, kwa mazoea tu, akatazama nyuma yake. Nyuma kulikuwa na wino. Kule kazini kwa Ronnie nguo za wazee huandikwa majina ili zisipotee kufuliwa, naye amezoea kuandika zake pia. Mimi sikugeuza lebo. Nani anageuza lebo?

Mzee akaniuliza taratibu kama Ronnie ndilo jina la fundi.

Nikasema ndiyo. Nikaongeza kwamba mafundi wengi wa huku huitwa Ronnie.

Hakuna aliyecheka. Mzee alimtazama Ronnie, akanitazama mimi, akalivua koti. Akalikunja kama wanavyokunja sokoni, mikono ndani, kola juu, akaliweka mapajani pangu. Akavua viatu, akakaa na soksi. Akasema ameuza mitumba maisha yake yote na hajawahi kumwambia mteja kuwa ni mpya. Angeletewa mtumba akaambiwa ni mtumba, angeuvaa na kusema ahsante. Hakupandisha sauti. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Shangazi Abigail alianza kukusanya sahani.

Treni ilipofika Blacktown Ronnie alinigeukia. Hapo akasema ningemwomba angenipa koti lenyewe, amelivaa mara chache, na tungemweleza mzee ukweli. Nikamwuliza kwa nini basi huandika jina kila mahali kama mtu asiyemwamini mwenzake. Akahamia kiti kingine.

Jumanne, 17 Juni

Ronnie amenunua kufuli, ameliweka mlangoni kwake. Maziwa nayo ameyahamishia chumbani. Nyumba imekuwa kimya mno.

Jioni Leokadia alipiga. Niliona jina lake kwenye simu nikaogopa kupokea, nikaogopa pia kuacha. Alisema tangu juzi baba yake hali vizuri. Anakaa dirishani na sweta lake la zamani akitazama magari. Alisema ananipenda na kwamba ana aibu kunipenda. Maneno hayo yamenikaa hapa kifuani mpaka sasa.

Kisha akaniambia alichoagizwa. Mzee anaondoka Jumatatu. Jumapili niende mikono mitupu. Nisilete koti wala kiatu. Nikae mbele yake, niseme kwa mdomo wangu nilichofanya, niombe radhi. Basi. Akisikia hivyo ataniombea, na mambo ya koti yatakwisha. Nisipofanya hivyo, au nikija na ujanja mwingine, yeye Leokadia hatabishana na baba yake tena. Akarudia, mikono mitupu. Akaniuliza kama nimeelewa.

Nimelala chali nikitazama dari. Mzee ana moyo wa ajabu. Kwa mara ya kwanza tangu Baba aondoke, kuna mtu ananingoja nikatubu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimejizoeza kuomba radhi mbele ya kioo tangu asubuhi. Inatoka vizuri. Pale kwenye "nimekosa, Baba" sauti inakatika yenyewe.

Nikatoka kupunga upepo. Nyuma ya stesheni ya Lidcombe, kwenye kichochoro ninachopita kila siku kwenda kazini, nikasikia nyundo. Ni karakana. Mzee mmoja Mwitalia na aproni, anashona viatu kwa mkono, ngozi ya hapa hapa, soli ya hapa hapa. Nimeishi mtaa huu miaka yote sijawahi kugeuza kichwa. Nilishika kiatu kimoja, kizito, kinanukia ngozi, nikahisi machozi. Alisema nikiagiza leo atanianzia wiki ijayo, nitalipa atakapomaliza, na atavituma mwenyewe mpaka Tanzania. Anahitaji tu kujua mguu wa mwenye viatu.

Nilimsikiliza kwa makini. Nikafikiria aibu ya kuingia nyumba ya watu bila kitu mkononi. Mzee Tumsifu mwenyewe anasema mikono mitupu, lakini hayo ni maneno ya heshima, mtu mzima husema hivyo ili umletee.

Nikamwuliza kama anauza boksi peke yake.

Hakuelewa, akanipa bure. Boksi zuri, gumu, limeandikwa mtaa huu huu wa Lidcombe na jina la nchi chini yake. Viatu vya Auburn vimeenea barabara. Kile cha kulia nimekiwekea karatasi kwa ndani ili asielemee.

Leokadia ametuma ujumbe sasa hivi. Anasema baba yake ameamka amechangamka, amenyoa ndevu, ameuliza nitafika saa ngapi.

Nimemjibu kesho asubuhi, baada ya ibada, na kwamba safari hii sitamwangusha.