Gramu Nne za Mkurugenzi Mkuu

Ifahamike kwa wote kwamba nchi isiyo na kilo yake si nchi, ni soko tu.

Sentensi hiyo niliiandika mimi, Mhandisi Wagdi Sarofim, Mkuu wa Kitengo cha Uzito katika Maabara Kuu ya Mizani hapa Tanta, na ilinichukua siku mbili. Ndiyo iliyofungua ripoti yetu, *Mchango wa Maabara kwa Maendeleo ya Taifa*, kurasa mia moja na kumi tukihesabu picha za Mkurugenzi Mkuu. Ripoti ilikuwa na upungufu mmoja mdogo: haikuwa na mchango. Naibu Waziri alikuwa anakuja kutoka Kairo baada ya majuma mawili kuusikia.

Mimi nikatoa wazo. Maulidi ya Sayyid Badawi, walii wa mji wetu, yalikuwa yanakaribia, na wageni wangefurika mjini kununua dengu za kukaanga na halua. Nikapendekeza tupite sokoni tukague mawe yote ya mizani. Mkurugenzi Mkuu, Profesa Shawkat Dimerdash, alilipenda wazo hilo kiasi kwamba kufikia adhuhuri lilikuwa limeshakuwa lake.

Maabara ina kilo mbili. Ya kwanza ililetwa kutoka ng'ambo, inakaa chini ya kioo, na kanuni inakataza isitoke nje ya jengo. Ya pili ni Kilo ya Kazi, ya shaba, ambayo ndiyo tunayotembea nayo. Nikaibeba kwenye sanduku la mahameli nikaingia sokoni.

Kwa siku nne tulipima mawe mia mbili na kumi na mbili. Yote yalizidi kwa gramu nne. Mtu mwenye akili ndogo angejiuliza imekuwaje wauzaji wote wakosee kwa kiasi kilekile. Mimi nina akili kubwa: niliandika kwamba kuna njama. Tukayapiga tupa mawe mia mbili na kumi na moja hadi yakalingana na Kilo ya Kazi, na ripoti ikapata sura mpya.

Jiwe moja lilibaki, la Hajati Inshirah, mjane anayeuza dengu katika kichochoro nyuma ya msikiti. Alilishika kwa mikono miwili akakataa.

"Bwana Mhandisi, jiwe hili nimelirithi kwa mama mkwe wangu. Nikikubali lipigwe tupa, nimekiri wizi."

"Si wizi, Hajati. Ni mkengeuko chanya wa uzito rejea."

"Hebu sema kwa lugha ya binadamu."

"Ukinunua dengu kwa jiwe hili, unawapunja wakulima."

Nilisema kwa sauti ya kikazi, maana yake kichochoro kizima kilisikia. Nikalifunga duka lake, nikapiga lakiri nyekundu mlangoni, zikiwa zimebaki siku nane Maulidi yaanze. Kesho yake mkulima Abu Sari, aliyemletea dengu kwa miaka ishirini, alipita pale na punda wake bila kumsalimu. Nilielezwa baadaye kwamba lakiri haikumliza Hajati. Salamu ile iliyokosekana ndiyo iliyomliza.

Siku ya ziara Hajati alifika asubuhi, jiwe limefungwa kwenye mtandio, akaketi kwenye ngazi zetu. Walinzi walitaka kumwondoa. Mkurugenzi Mkuu akawazuia, akaniambia huo sasa ndio mchango wenye miguu: mbele ya Naibu Waziri tutalipima jiwe, mama atatubu, picha zitapigwa.

Naibu Waziri alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Aliomba jambo moja tu, kwamba ile kilo ya chini ya kioo, aliyoisikia tangu shuleni, itumike japo mara moja mbele ya macho yake. Kwa furaha niliyokuwa nayo nilifunua kioo mwenyewe.

Nikaiweka upande mmoja wa mizani, na jiwe la Hajati upande wa pili. Mshale ukacheza kidogo, ukatulia katikati kabisa.

Mkurugenzi Mkuu akaeleza kwamba mizani nyeti huona haya mbele ya wageni. Akaniamuru nilitoe jiwe la mama, niweke Kilo ya Kazi. Nikaiweka. Ikapanda juu. Nikaipuliza vumbi, nikaiweka tena, ikapanda vilevile. Ilipungua gramu nne.

"Zimekwenda wapi?" Naibu Waziri aliuliza.

Ukumbini kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua, na kwa bahati mbaya nilikuwa mimi. Miaka sita iliyopita, nilipokuwa natafuta cheo, nilimshawishi Mkurugenzi Mkuu kwamba jina lake linastahili kuchongwa kwenye Kilo ya Kazi. Likachongwa kwa kina, lisifutike. Alipopata udaktari tukaongeza. Alipopata uprofesa tukaongeza. Alipoingia katika kamati tatu za kitaifa upande wa juu ulikuwa umejaa, tukahamia kwenye kitako. Kila mara shaba iliyotoka niliifagia mwenyewe, na cheo nilikipata.

Hajati alisogea akaiangalia. Akasema miwani yake ameiacha nyumbani, je, naweza kumsomea? Nikasoma, nikiizungusha kilo mkononi, na vyeo vilikuwa vingi hata nikalazimika kumeza mate njiani. Nilipomaliza, alitikisa kichwa.

"Kumbe gramu nne mlizoniitia mwizi mmezichonga wenyewe kuandika jina."

Naibu Waziri alikohoa kwenye leso kwa muda mrefu kuliko mafua yanavyohitaji.

Jioni ile kamati ilikaa. Kilo mpya ya kazi ingehitaji zabuni, na zabuni miezi kumi na minane. Maulidi yalikuwa yamebakiza siku tatu kuanza. Mawe mia mbili na kumi na moja tuliyoyaharibu yalipaswa kuongezwa risasi iliyoyeyushwa, moja moja, sokoni, na kilo ya kioo haitoki. Mji mzima ulikuwa na jiwe moja tu la kweli lenye ruhusa ya kutembea barabarani.

Mimi ndiye niliyetumwa kumwomba. Alitaka mambo mawili. La kwanza, lakiri niivunje saa ambayo wakulima wanashusha magunia, na niseme kwa nini. Nikasimama katikati ya kichochoro, jasho linanitoka, nikatafuta istilahi inayofaa, nikakosa.

"Hajati hakumpunja mtu," nilisema. "Tuliopunja ni sisi."

Abu Sari alikuwa mbele. Alimfunga punda, akashusha gunia, akaliingiza dukani kwa Hajati. Alipotoka alimwamkia, akamwomba radhi, akaulizia magoti yake. Hajati akamjibu kuhusu magoti kwa urefu, kama mtu aliyekuwa na majibu ya siku nyingi. Nilirudi ofisini nikaifuta ile sura mpya ya ripoti.

Jambo la pili lilikuwa kwamba jiwe haliazimwi kwa mjumbe. Atakuja kulichukua mwenye jina lile, yeye mwenyewe, na atasubiri zamu yake.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya Maulidi Profesa Shawkat Dimerdash alisimama kichochoroni, suti ya bluu, katika foleni ya wageni wenye vikapu. Mimi nilikuwa nyuma yake na sanduku la mahameli. Foleni ilikwenda polepole, kwa kuwa Hajati alikuwa anamwonjesha kila mteja. Mzee mmoja aliyetoka mbali kusini, aliyekuwa mbele yetu, aligeuka kupiga soga.

"Umekuja kununua nini, bwana?"

"Kilo," alisema Mkurugenzi Mkuu.

"Ya dengu au ya halua?"

"Kilo tu."

Yule mzee alimtazama usoni, kisha suti, kisha usoni tena. Akamshika mkono taratibu, akampitisha mbele ya watu wote hadi mezani.

"Mama," alimnong'oneza Hajati, "mhudumie huyu kwanza. Naona hayuko sawa."