Siku Mungu Alipokwenda Lindi

Jumanne, 29 Agosti 1905

Padre ameondoka alfajiri kwenda Lindi. Habari zimefika kwamba watu wa maji wako Masasi, wale waliokunywa dawa ili risasi za Wadachi zigeuke maji. Hapa Newala bado kimya. Amechukua Sakramenti, akazima taa nyekundu ya altareni. Benedikto, mwalimu mwenzangu, kaachiwa sala. Mimi, Nikolao, nimeachiwa ufunguo wa birika la maji ya mvua. Kusali kila mtu anaweza. Ufunguo ni mmoja.

Amri ya padre: maji ya birika ni ya wazee na wagonjwa tu. Wenye nguvu washuke mteremko hadi chemchemi ya bondeni, nusu siku kwenda na kurudi, kama siku zote. Akatuasa tukumbuke kwamba Mungu yupo nasi kila saa, anatuona.

Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa. Miaka minne nafundisha katekisimu: taa ikiwaka, Bwana yumo. Taa imezimwa. Basi amekwenda Lindi na padre. Siku sita kwenda, sita kurudi.

Jumatano, 30 Agosti

Nimepima birika kwa ufito. Shubiri saba. Nimeoga mwili mzima, mara ya kwanza tangu Mei. Nimefua kanzu. Benedikto akauliza imekuwaje kanzu yangu ni nyeupe na za wenzangu zina rangi ya vumbi. Nikamwambia mimi sitoki jasho. Akasema ni kweli, hajawahi kuniona nikifanya kazi.

Shubiri sita na nusu.

Alhamisi, 31 Agosti

Mpango. Wazee wakija kila siku nami nikioga kila siku, maji hayatafika siku kumi na mbili. Kimoja lazima kiachwe. Nimetangaza birika limekauka.

Saa mbili asubuhi akaja Mama Isabela, mjane, na mtungi wake. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba mwanangu, akagonga ukuta wa birika kwa vidole. Akasema mbona linaitika kama mtu aliyeshiba. Nikamwambia huo ni mwangwi. Akajitwika mtungi. Akasema haidhuru, atashuka bondeni na Mungu, watapokezana mtungi.

Amepita miaka sitini. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa maji wameonekana huko chini. Sikumwambia. Ningemwambia, angebaki mlangoni kwangu na mtungi wake.

Ijumaa, 1 Septemba

Hajarudi. Benedikto ameshuka na wanaume watatu kumtafuta. Aliniita twende. Nikasema lazima mtu abaki kulinda birika. Akauliza kulinda nini, si limekauka. Nikajibu kwamba hata birika tupu ni mali ya kanisa.

Nimeoga. Sikufurahia sana.

Jumapili, 3 Septemba

Wamemleta saa tano, wamembeba kwa shuka. Alisikia wapiganaji njiani, akakimbilia kichakani, akaanguka. Mguu umevunjika juu ya goti, mfupa uko nje. Wamemkuta jana jioni. Chemchemi imeshikwa na wapiganaji, hawakupata hata kata moja. Hapa juu mitungi yote imekauka. Midomo yake imepasuka kama udongo wa Septemba.

Benedikto akaomba ufunguo. Hakupandisha sauti.

Nikifungua, nimeumbuka. Nisipofungua, anakufa mbele yangu. Mpango mwingine ukanijia papo hapo. Nikapiga magoti kando ya birika, nikamwomba Mungu kwa sauti kubwa alijaze. Kisha nikafungua. Maji! Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akabusu pindo la kanzu yangu. Benedikto hakupiga magoti. Akaitazama kanzu ile, weupe wake, kisha akachota.

Mama Isabela alikunywa kata mbili. Wengine wakamwosha kidonda. Akaniita karibu. Akasema Mungu hakuondoka kichakani hata mara moja, walizungumza sana. Nikauliza walizungumza nini. Akasema, habari zako, mwanangu. Kwamba alimwomba asinikasirikie, kwa kuwa mimi ni mjinga tu.

Sikuoga leo.

Jumanne, 5 Septemba

Mama Isabela amefariki saa nne asubuhi. Kidonda kilikuwa kimeoza. Alikuwa na akili zake mpaka mwisho, akiongea polepole na mtu ambaye sisi hatukumwona, kama waongeavyo watu waliozoeana.

Tumechimba kaburi, mimi na Benedikto. Ardhi ngumu. Tukamaliza. Kisha Benedikto akasema padre akirudi nimweleze mwenyewe, yeye hatanitangulia. Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo.

Mchana kutwa nimekaa nikifikiri. Mama Isabela hakuwa mwongo. Alisema Mungu alikuwa naye kichakani muda wote, mchana na usiku. Namwamini. Basi hesabu yangu ya kwanza ilikuwa na kosa, na mwalimu mwema hukubali kosa: Mungu hakwenda Lindi.

Alikuwa bondeni. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo siku zile huku juu hakuwapo, na la kumweleza padre silioni.